Subiri Hadi Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Wamenipa mwongozo niuandike upya! Wote, jalada hadi faharasa. Meneja alitangaza mbele ya watu huku akitazama dirisha. Hospitali itaweka toleo jipya la programu yetu Jumamosi ya wiki ijayo, na wamekataa kutumiwa fundi. Watafanya wenyewe, kwa kitabu chetu. Wakikwama, wakatupigia simu hata mara moja kuomba msaada, basi wanahamia kwa washindani. Na mimi kwaheri — mkataba wangu unaisha mwezi huu, na meneja kasema wazi kwamba mwongozo usiosomeka hauhitaji mwandishi.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Machi

Nimeusoma ule wa zamani. Jamani! Picha za skrini ni za enzi za babu. Kuna kitufe kinatajwa mara tatu na hakipo tena. Sehemu moja imeandikwa "endelea kama kawaida". Kawaida ya nani?

Jioni wifi kapita. Ni muuguzi hospitali hiyohiyo, wodi ya wazazi. Programu yetu ndiyo inayochukua majibu ya vipimo maabara na kuyafikisha wodini. Mwaka jana walipofanya apdeti, majibu ya mchana mzima yalimezwa. Wifi alipanda na kushuka ngazi na vikaratasi, na mama mmoja akatolewa damu upya kwa sababu majibu yake hayakujulikana yalikokwenda. Kazini kwetu wanasema hospitali walikosea. Wifi anaapa walifuata kitabu neno kwa neno. Namwamini, ingawa ni mbishi na alimaliza chai yote.

Alhamisi, 6 Machi

NIMEIPATA!

Niandike taratibu. Mhandisi wetu mkuu, aliyeandika ule mwongozo wa zamani, tunamwita Chapchap, kwa ajili ya wepesi wa vidole vyake. Nilimwomba afanye apdeti kwenye seva ya majaribio, nitazame. Mara kamaliza, safi kabisa. Nikamwomba tubadilishane: mimi nibonyeze, yeye akae nyuma yangu na asiseme kitu, nifanye yaliyoandikwa tu. Akacheka, akakubali. Hatua ya sita, sawa. Ya saba, sawa. Kisha kitabu kikasema: zima kiunganishi, yaani ile sehemu inayopeleka majibu wodini. Nikazima. Nusu ya majibu ya majaribio yakapotea hapohapo.

"Si ungesubiri foleni ya majibu iishe kwanza!"

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa. Kila mtu anajua."

Akaitazama mikono yake. Maskini, miaka yote hiyo anafunga mlango wa kuingiza majibu, anaiacha foleni ipungue mpaka iishe, ndipo anazima — na hana habari kwamba anafanya hivyo. Hospitali hawakukosea. Wifi hakukosea! Nilitaka kupanda juu ya meza. Nilipanda kiti tu, meza zetu si za kuaminika.

Ijumaa, 7 Machi

Chapchap kaniletea chai asubuhi. Hajalala vizuri, anasema. Siku nzima yeye kafanya, mimi nimemkamata kila vidole vilipofanya jambo lisiloandikwa. Tumekamata mengine matatu! Alipoona aibu nikamwambia mficha uchi hazai. Akacheka mpaka akavua miwani.

Jumatatu, 10 Machi

Vita na meneja. Eti mwongozo mrefu mno, wateja hawapendi kusoma. Anataka hatua ya nane, "Subiri hadi foleni isome sifuri", iwe tanbihi. Tanbihi! Nikasema haitoki. Sauti ilipanda kuliko nilivyokusudia.

Ndipo Chapchap, kutoka kona yake, akasema kwa upole kwamba majibu ya mwaka jana yalipotea kwa kosa lake yeye aliyeandika kitabu, si la hospitali, na hatua ibaki. Mbele ya watu wote! Meneja akageukia dirisha lake. Imebaki, peke yake katikati ya ukurasa, kwa herufi nene. Nilikwenda chooni nikacheza mbele ya kioo.

Alhamisi, 13 Machi

Mwongozo umekwenda hospitali! Picha mpya, vitufe vyote vipo, hakuna "kama kawaida" hata moja. Nimeusoma tena kwa raha tu, kama vile umeandikwa na mtu mwingine mwenye akili. Wifi kasema Jumamosi yuko zamu. Hakunitania hata kidogo. Hilo limenitisha.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika ofisini ili mkono upate kazi. Tuko watatu — meneja, Chapchap na mimi — na simu katikati ya meza. Hospitali wameturuhusu kuiona skrini yao kutoka huku, kutazama tu. Upande mmoja mfumo, upande wa pili mwongozo wangu, umefunguliwa!

Hatua ya tatu, sawa. Ya tano — fundi wao karudi juu kusoma tena. Kasoma tena! Simu kimya. Meneja kaniambia, bila kunitazama, kwamba leo ikipita salama, Jumatatu nije na kalamu ya kusaini mkataba mpya.

Ya nane. Foleni inashuka. Hamsini. Kumi. Tatu. Moja.

Moja.

Bado moja. Chapchap anasema ni jibu moja tu limeganda, wazime, hata yeye angezima. Meneja anataka tuwapigie tuwaambie. Sisi tukipiga, anasema, si wao waliopiga. Kanyoosha mkono. Nimeifunika simu kwa kiganja cha kushoto, mkono wa kulia unaandika.

"Hilo moja ni la mtu," nimewaambia.

Kule mshale wa kipanya umefika juu ya kitufe cha kuzima. Umesimama. Roho yangu! Sasa umekiacha, umehamia kwenye ukurasa wangu, unapita juu ya maneno ya hatua ya nane, pole pole, moja baada ya lingine. Umefika mwisho wa mstari. Umetulia.

Foleni inasoma moja. Hakuna anayebonyeza. Wanasubiri —