Mkavu Anatafuta Kiatu

Mjomba Osmundi, shikamoo.

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Sauti ya Mkavu iliyosikika kule ziwani Mbamba Bay Jumapili iliyopita, ile ambayo watu wote wanasema ni yako, ilikuwa yangu.

Nimeliandika haraka kabla aibu haijanishika. Sasa naweza kukueleza polepole.

Unajua nilivyo. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba Sekunda hujibu maswali kwa kuiambia kola ya shati lake. Nimemaliza kidato cha nne hivyo hivyo, nikiongea na kola, na sasa niko nyumbani Mpepai nasubiri matokeo. Asubuhi nakwenda shambani na mama. Kahawa yako ya kule juu imechanua vizuri, na Deo ameipalilia bila kuambiwa na mtu. Mwanao ameanza kuota ndevu. Ungemwona ungemtania mpaka azinyoe.

Nataka kukushukuru, lakini siwezi kushukuru bila kukumbuka, kwa hiyo nivumilie.

Nakumbuka ulipokuwa mtangazaji wa chama cha msingi cha ushirika. Ulikuwa unasimama mlangoni kwenye ghala na lile bomba la bati la kukuzia sauti, unawaita wakulima mmoja mmoja waje kupima kahawa, na kila jina uliliongezea utani kidogo. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, wakawa wananunua barabarani, watu wakaacha kupanga foleni ghalani. Ukarudi nyumbani na bomba lako. Mama alidhani utaanza kunywa. Badala yake ukauza kahawa yako kwa hao hao wanunuzi, ukaenda Songea, ukarudi na televisheni, deki na jenereta. Mama Deo alikuuliza kama umerogwa. Ukamjibu, "Walionitoa kazini ndio wamenipa kazi. Hao nitawagombezaje?"

Zile kanda tatu za katuni ulizipata kwa yule mfanyabiashara aliyevuka ziwa kutoka upande wa Malawi. Hazikuwa na maandishi juu yake. Lugha yake hata padre hakuitambua. Ndani yake kulikuwa na nchi ya milima kama yetu, na kila mtu katika nchi ile alikuwa na uchawi. Mmoja aliita moto, mwingine aligeuka tai, na mzee mmoja mnene aliongea na maji yakamsikia. Mtu mmoja tu hakuwa na chochote: yule mwanamke mwenye kovu kidevuni, mwenye mkuki, ngao ya ngozi na mdomo usiofungwa. Wewe ndiye uliyempa jina. Ulisema, "Huyu anaingia vitani bila dawa, mkavu kabisa." Akawa Mkavu.

Ulikuwa unakaa nyuma ya shuka lililotundikwa pembeni ya televisheni, mahali unapoiona picha lakini watu hawakuoni. Ulizima sauti ya kanda, ukaweka bomba mdomoni, ukamsemea kila mmoja. Mkavu ulimsemea kwa puani, juu juu, kama mwanamke aliyechoshwa na wajinga. Mimi nilikaa miguuni pako na kikombe cha maji. Uliniambia hiyo ndiyo kazi yangu. Leo najua hukuhitaji maji kiasi kile. Ulinitafutia mahali pa kukaa ambapo hakuna anayeniangalia.

Maneno ya Mkavu yote ninayo. Mchawi akimwashia moto: "Asante. Nilikuwa natafuta pa kuchomea mahindi." Yule tai akiruka juu yake: "Shuka tuongee, shingo inaniuma." Na walipomuuliza kwa nini yeye hana uchawi, ulinyamaza kidogo, watu wote wakasubiri, kisha ukasema, "Siku ya kugawa uchawi mimi nilikuwa nachimba ngoro. Nafika jioni, umebaki mkuki." Watu wetu walicheka mpaka wakashikana, kwa sababu nani huku kwetu hajakaa mteremkoni kutwa nzima akichimba yale mashimo huku wenzake wakipata vitu vizuri? Lakini tulipoteremka ziwani, siku hiyo hiyo ya kugawa uchawi Mkavu alikuwa anaanika usipa, vile vidagaa vyao. Na yule mzee mnene mvivu, ambaye huku juu alikuwa Mnyasa, kule chini akawa Mmatengo kama sisi, aliyeogopa kuoga. Nilikuuliza kama si uongo. Ukasema, "Sekunda, Mkavu ni mtani wa kila mtu. Mwache aende anakopendwa."

Mtu akikuuliza kwa nini mpwa wako hasemi, ulimjibu, "Hanyamazi huyo. Anasikiliza." Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunieleza hivyo. Kwa wengine wote nilikuwa tatizo.

Kanda ya pili iliishia kwa Mkavu kubaki peke yake kwenye daraja la kamba, adui wanakuja, wenzake wamekimbia. Watu wa Mbamba Bay walipiga kelele kama wanazama. Uliwaahidi utarudi na kanda ya tatu. Tuliporudi nyumbani uliiangalia kwanza peke yako, kama ulivyozoea, ukatoka ukiwa kimya. Nilikuuliza, "Anashinda?" Ukasema tu, "Hii tutaipeleka ziwani kwanza. Wao ndio walioanza kungoja." Kisha kifua kikakushika, na hukuteremka tena.

Sasa nikueleze kuhusu mazishi yako, maana wewe ulilala tu.

Watani wetu wa ziwani walikuja wamejaa kwenye lori. Jeneza lilipotoka nyumbani, Bibi Tekla, yule mwuza usipa aliyekuwa akikaa mbele kwenye kila onyesho, akajilaza njiani. Alikuwa amevaa koti lako, sijui alilichukua saa ngapi. Akaanza kusema kwa sauti ya Mkavu, puani: "Mnambeba wa nini? Miguu anayo huyu. Osmundi, shuka utembee. Kanda haijaisha na wewe unajifanya umelala?" Nilimchukia, Mjomba. Nilitaka ardhi immeze. Lakini nikamwona mama, ambaye tangu ulipokata roho hakuwa amekula wala kusema. Mama alilia kwa sauti, na katikati ya kilio akacheka. Alicheka kabisa, machozi yakimtiririka. Bibi Tekla akapewa kuku wake wa utani, akainuka, akajipangusa vumbi, akatupisha. Hapo ndipo alipoanza kulia yeye.

Baada ya msiba Mama Deo akasema vyombo viuzwe. Pale Kitai kuna banda jipya lenye spika kubwa, wanaonyesha mapigano tu na hakuna anayetafsiri, na mwenye banda alitaka kuongeza televisheni yako. Lakini Mama Deo akasema pia kwamba ahadi ya marehemu haiuzwi. Deo apeleke kwanza ile kanda ziwani, hata kama itaonyeshwa bubu, ndipo vyombo viende. Nikaombwa nimsaidie Deo kubeba.

Tuliteremka na lori la mahindi. Walitupa ghala la dagaa, tukaziba madirisha kwa magunia baada ya misa. Deo alikuwa nje anashindana na jenereta, unajua linavyozimika lisipobembelezwa. Nikatundika shuka kwa sababu tulizoea kulitundika. Nikakaa nyuma yake kwa sababu sijui kukaa mbele. Bomba lilikuwa pale. Nililibeba bila kujua kwa nini.

Picha ikaanza, bubu. Nikasikia Bibi Tekla akisema, "Jamani, Mkavu naye amefiwa. Hana mtu wa kumsemea."

Mjomba, nikalishika bomba, bati likagonga meno. Pale darajani adui wa kwanza akafungua mdomo, na mimi najua Mkavu hujibu nini, nimekuwa nikiyasema maneno yake miaka yote nikiwa nimeinama shambani peke yangu. Nikabana pua. Nikasema, "Pole na safari. Hili daraja ni bovu, anza wewe."

Kisha mtoto mmoja akapiga kelele, "Mzee Osmundi!" Wakaanza kupiga makofi. Sikuwa na nafasi ya kuogopa tena, maana adui wa pili naye alikuwa anafungua mdomo.

Niliendelea mpaka mwisho. Wewe mwisho ulikuwa unaujua, na pale ndipo nilipoelewa kwa nini ulitoka kimya siku ile. Wachawi wote wanarudi wamechelewa. Mkavu amelala chini, ngao yake imemfunika uso. Yule mzee mnene anapiga magoti. Mwenye moto anauzima moto wake. Kisha wanamwinua, wanambeba bega kwa bega, wanashuka naye mlima hadi kwenye maji. Ndiyo picha ya mwisho. Hainuki.

Ghalani watu walianza kulia. Si kwa ajili ya katuni tu, wewe unajua. Niliona kwa pembeni Bibi Tekla amejifunika khanga usoni. Nami nikasema moyoni, basi, hapa ninyamaze kama kawaida yangu.

Lakini ile ngao, Mjomba. Ilimfunika mdomo. Hakuna aliyeweza kuona kama unasema au hausemi. Nikamkumbuka Bibi Tekla njiani ndani ya koti lako. Nikabana pua nikasema, "Acheni kelele. Natafuta kiatu."

Watu wakashtuka. Walipomwinua nikaendelea: "Haya, nibebeni. Nimepigana peke yangu kutwa nzima, nyie mlikuwa mnaimba nyimbo za uchawi. Polepole huko nyuma. Wewe mnene, usinidondoshe, mimi si gunia la muhogo." Walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja, kama mama siku ile. Walipofika kwenye maji nikamwambia yule mzee anayeongea na maji, "Yaambie yawe ya vuguvugu. Nataka kuoga, halafu nitarudi." Na picha ikaisha.

Hakuna aliyeangalia nyuma ya shuka. Waliponiona natoka na kikombe mkononi, wakanipisha tu, ni yule mpwa asiyesema. Bibi Tekla alikuwa anamwambia kila mtu, "Alijirekodi kabla hajafa, mjanja yule. Sauti hiyo nimeizika mwenyewe, naijua." Deo naye amekubali hivyo, na amemwambia mama yake. Mama Deo akatuma ujumbe Kitai kwamba televisheni haiuzwi.

Ninakushukuru kwa kikombe cha maji. Ninakushukuru kwa kuniweka mahali ambapo ningeweza kusikiliza miaka yote ile bila mtu kunisukuma niseme. Nilidhani unanificha. Kumbe ulikuwa unanifundisha kazi.

Kitai wameomba tuje, na Kitura pia. Nitakwenda. Nakuahidi kote huko Mkavu atakuwa mtani wao, na akiulizwa alikuwa wapi siku ya kugawa uchawi, atasema alikuwa kwenye kazi ya watu wa mahali hapo. Siku moja labda nitalitoa shuka. Si mwaka huu.

Lala salama, Mjomba. Na kama Mkavu yuko huko nawe, basi nyie wawili mnajua kweli kwamba alikufa pale mlimani, na nani aliyesema chini ya ngao. Ziwani wanajua alikuwa anatafuta kiatu. Naomba msimwambie mtu.

Mpwa wako,
Sekunda