Nilivyomujibia Amina kwenye Ukungu

Alhamisi jioni, mulimani

Daftari yangu, jambo. Uko salama? Mimi niko muzima, kiuno tu kinalia.

Leo Papa Salumu, anayetutembeza, ametupandisha milima ya juu kupita Kabambare, pikipiki sita kwa mustari mumoja. Ukungu ulikuwa muzito, hata mugongo wa motari aliyeniendesha niliuona kwa shida. Kila kona Papa Salumu alisimama, akaita abiria kwa jina, na kila mutu alijibu, "Niko!"

Mimi nilikuwa nasali rozari, macho nimefunga kwa woga. Akaita, "Amina!" Huyo ni mama Mwislamu mwenye duka kule Kasongo, pikipiki ya mwisho. Nami nikadhani ni mwisho wa sala. Nikaitikia kwa nguvu: "Amina!"

Wenzetu wakaanza kuondoka.

"Ngojeni," Papa Salumu akasema. "Amina wa dukani hana sauti ya kanisa."

Akarudi kwa miguu ndani ya ukungu. Upande wa kushoto iko shimo tu, na mimi ndiye niliyemujibia.

Akamuleta kwa mukono, matope mpaka kwenye kilemba. Pikipiki yao iliteleza mutaroni.

"Mama Feza, hata mbinguni utanijibia?" Amina akauliza. Tukacheka, mimi nikilia.

Siku mbili tu za safari, na Papa Salumu anajua sauti zetu zote! Mungu amubariki.

Sasa Amina amelala pembeni yangu. Nimeshamuita mara tatu.

"Niko, mama. Niko! Acha nilale."