Glasi ya Bitiruti na Krimu ya Mume Wangu

Shoga, uko hewani? Nimejifungia chooni, hapa hapa kwangu. Nakufa.

Unakumbuka nilivyomdanganya mama mkwe kwamba ngozi yangu inang'aa kwa sababu ya bitiruti, karoti na mchicha? Nikamtajia mpaka antioksidanti, najifanya mtaalamu. Kumbe mwenzangu aliamini kila neno!

Leo kaja na kapu zima. Kasaga juisi, kisha kaingia chumbani kwetu eti atupangie nguo, akatoka na krimu yangu. ILE KRIMU.

Akamgeukia mwanawe: "Mwanaume mzima unajichubua! Mwenzio anakula mboga, wewe unajipaka sumu?"

Eti mume wangu! Na alivyo mweusi tii!

Mume akanitazama. Akanitazama tena. Shoga, nikaangalia dari. Mwisho akainamisha kichwa: "Nisamehe, mama."

NISAMEHE, MAMA. Kweli kasema!

Krimu ikaenda kwenye pipa la taka, mume akamiminiwa glasi ya pili ya bitiruti. Alikuwa anakunywa huku ananikazia macho, ndiyo nikakimbilia huku.

Sasa mama mkwe yuko mlangoni, anagonga: "Mwanangu, nimeshaamua. Sirudi kwangu mpaka ngozi yake ing'ae kama yako."

Nitokee wapi? Dirisha lina nondo.

Ngozi ya mume haitabadilika, shoga. Itakayobadilika ni yangu, bila ile krimu, na mama mkwe atakuwa amekaa mbele yangu, anaitazama.