Kwaya, Mheshimiwa na Kaka Yake Getrude

JUMUIYA YA WASWAHILI WA KUSINI MWA STOCKHOLM
KAMATI YA MAHUSIANO YA NJE

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, katika ukumbi wa chini wa kanisa, Bredäng.

WALIOHUDHURIA
Bw. Bethuel – Mwenyekiti
Mwl. Mugambi – Makamu Mwenyekiti
Bi. Médiatrice – Mjumbe
Bi. Roselyn – Katibu

ALIYEALIKWA
Bi. Getrude – Kiongozi wa Kwaya

ASIYEHUDHURIA
Bw. Léonidas – Mjumbe (alituma ujumbe kutoka Rissne kwamba anaunga mkono upande utakaoshinda)

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA
Kikao kilianza saa tisa alasiri, baada ya wajumbe kuondoa mikeka ya kikundi cha yoga. Mwenyekiti aliongoza sala. Alimshukuru Mungu kwa mwaliko wa Ubalozi, akamwomba awajalie wajumbe moyo wa kuukubali. Bi. Médiatrice hakuitikia amina.

KUMB. NA. 2/11/2025: MWALIKO WA UBALOZI
Mwenyekiti alieleza kwamba Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi wanakotoka wajumbe wote isipokuwa Bi. Médiatrice na Bw. Léonidas atapita Stockholm Ijumaa ijayo. Ubalozi umeomba kwaya ya Jumuiya imwimbie nyimbo mbili kwenye hafla. Alikumbusha kwamba tangu Kamati iundwe, uhusiano wa nje pekee iliowahi kuushughulikia ni ule wa kikundi cha yoga, kuhusu matumizi ya jiko. "Leo, ndugu zangu, tumeitwa mezani," alisema. Bi. Médiatrice alipouliza kama kwaya itakula, Mwenyekiti alijibu kwamba alikuwa anasema kwa mfano.

KUMB. NA. 3/11/2025: OMBI LA BI. GETRUDE
Bi. Getrude alieleza kwamba kaka yake Zakayo, mwalimu wa shule ya msingi huko nyumbani, alikamatwa mwezi uliopita. Kosa lake ni kusimama kwenye baraza la wananchi na kuuliza yalikokwenda madawati yaliyoahidiwa. Hajafikishwa mahakamani. Mama yao humpelekea chakula kituo cha polisi, na hurudi nacho. Aliomba Jumuiya iandike tamko na kulisoma mbele ya Waziri kabla ya wimbo wa kwanza.

Mwenyekiti alisema jambo hilo limemgusa sana, akapendekeza liwaguse wajumbe rasmi baada ya Ijumaa. Pendekezo halikuungwa mkono.

KUMB. NA. 4/11/2025: MJADALA KUHUSU TAMKO
Mwalimu Mugambi, aliyesomea uhusiano wa kimataifa Uppsala na ambaye sasa anapanga safari za malori, alieleza kwamba mambo ya nje huendeshwa kwa namna mbili. Mdhanifu huitazama dunia jinsi inavyopaswa kuwa. Mhalisia huitazama jinsi ilivyo. Jumuiya haina jeshi, alisema, haina mafuta, na hata ufunguo wa ukumbi ni wa kuazima. "Mkono usioweza kuukata, ubusu," alimalizia.

Bi. Médiatrice alijibu kwamba yeye ni muuguzi, na ameona yanayowapata wanaobusu kila mkono. Alisema serikali isiyo na misingi huishia kuogopa hata mtu anayeulizia madawati, na kwamba Jumuiya isipomtetea Zakayo basi ibadilishe jina, ijiite kikundi cha upishi. Alitoa rasimu ya tamko, aliyoiandika kwenye treni akitokea Fittja baada ya Bi. Getrude kumdokezea.

Mwalimu Mugambi alimkumbusha kwamba pasipoti yake haitolewi na Ubalozi huo, na kwamba ushujaa ni mwepesi ukiweka rehani shingo ya mwenzio. Alimwuliza ameandika tamko gani kuhusu nchi yake mwenyewe. Bi. Médiatrice alikunywa kahawa, kisha akaomba rasimu ipitiwe.

Rasimu ilipitiwa. Neno "tunalaani" lilibadilishwa kuwa "tunasikitishwa", kwa ombi la Katibu, ambaye pasipoti yake iko Ubalozini ikisubiri kubadilishwa. Mwenyekiti aliona "tunasikitishwa" ni kali kwa mgeni aliyetoka safari, likawa "tunafuatilia". Jina la Zakayo liligeuzwa kuwa "mwalimu mmoja", kisha "walimu kwa ujumla". Tamko lililobaki lilisomeka hivi: "Tunafuatilia kwa karibu hali ya walimu duniani."

Bi. Getrude aliomba asomewe tena. Alisomewa. Aliuliza kaka yake yuko wapi katika sentensi hiyo. Mwalimu Mugambi alijibu kwamba yumo ndani ya neno "duniani".

KUMB. NA. 5/11/2025: KUONDOKA KWA BI. GETRUDE
Bi. Getrude alivaa koti. "Mwalimu, nimekuelewa vizuri," alisema. "Anayesikilizwa ni mwenye nguvu. Haya, mtafuteni wa kuongoza nyimbo Ijumaa."

Mwenyekiti alisema hakuna mtu asiye na mbadala, akajitolea kuongoza yeye mwenyewe. Aliimba ubeti mmoja. Mhudumu wa kanisa alishuka kuuliza kama kuna mtu ameumia. Wajumbe walimshukuru Mwenyekiti kwa kuishia hapo.

Mwalimu Mugambi, alipoombwa maoni ya kitaalamu, alikiri kwamba mizani ya nguvu imehama.

Bi. Getrude alitoa sharti akiwa bado mlangoni: ataimba iwapo Waziri atamwona kwanza, uso kwa uso. "Tamko sitaki tena," alisema. "Nataka mtu mmoja tu awaambie wale wa kituoni kwamba Zakayo ana watu."

Bi. Médiatrice alipinga, akisema kumwimbia mtu wa aina hiyo kwa bei yoyote ni kuuza misingi.

"Dada Médiatrice, misingi yako ni mizuri," alijibu Bi. Getrude. "Lakini mama yangu anarudi na chakula."

Bi. Médiatrice aliondoa pingamizi lake.

KUMB. NA. 6/11/2025: SIMU KWA UBALOZI
Iliamuliwa Mwenyekiti ampigie simu afisa wa Ubalozi hapo hapo, wote wakisikia. Mwenyekiti alisimama wima na kufunga vifungo vya koti, ingawa afisa hakuweza kumwona. Salamu zilichukua muda mrefu kuliko ujumbe. Jina la Zakayo lilipotajwa, afisa aliomba litajwe tena. Kisha akauliza: "Mzee wangu, hebu nieleze. Huyo ni mtu wenu?"

Mwalimu Mugambi alimwashiria ajibu kwamba suala liko kwenye kamati. Mwenyekiti alimtazama Bi. Getrude.

"Ni wetu," alisema. "Na bila dada yake, hakuna wimbo."

Afisa alikata simu ili akaulize wakubwa. Kwa muda huo hakuna aliyegusa mandazi. Alipopiga tena alisema Waziri atampa Bi. Getrude dakika kumi kabla ya hafla. Hakuahidi kwamba Zakayo ataachiwa. Alipoulizwa kuhusu hilo, alisema jina la Zakayo limeandikwa.

Bi. Getrude aliketi, akalia. Bi. Médiatrice alimshika mkono. Mwalimu Mugambi alisema kilichotokea ndicho hasa alichokuwa akikieleza tangu mwanzo. Bi. Médiatrice alisema hivyo hivyo kuhusu maelezo yake.

Iliazimiwa kwamba kwaya itaimba, kwamba Bi. Médiatrice atamsindikiza Bi. Getrude hadi mlangoni kwa Waziri, na kwamba hali ya walimu duniani haitafuatiliwa tena na Kamati hii.

KUMB. NA. 7/11/2025: KUFUNGA
Wajumbe walirudisha mikeka na kuagana saa kumi na mbili jioni, nje kukiwa giza. Mwenyekiti alibaki nyuma, akaomba jibu lake kwa afisa lilainishwe katika kumbukumbu hizi, kwa mfano: "Mwenyekiti alifafanua uhusiano uliopo." Katibu alisema ameshaliandika lilivyotamkwa, akampa kalamu. Mwenyekiti alilisoma mara mbili, akatia sahihi.

Bethuel, Mwenyekiti (sahihi)
Roselyn, Katibu (sahihi)