Picha Saba za Bi Mwanaheri

Shikamoo, Mzee Kondo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, usinune.

Tumekuzika, lakini studio yako ya Buguruni bado ipo. Chumba cha giza ndiyo kimekufa. Dawa za kusafishia picha zimeadimika, basi mkeo, Mama Asha, kanunua kompyuta na printa ya wino. Nililia, sikufichi.

Kazi ya kwanza ikawa balaa. Watoto saba wa marehemu Bi Mwanaheri walileta ile picha ya mama yao uliyoipiga wewe, nyeusi na nyeupe, kila mmoja anataka nakala yake. Kumbe printa hii kijivu inakipata kwa kuchanganya rangi! Nikatoa tatu za kijani, nne za zambarau. Kaka yao mkubwa akaniambia, "Binti, mama yetu hakuwa chura." Mama Asha akaapa nikiharibu tena anashusha kibao chenye jina lako na studio anafunga. Jina lako, Mzee, lishuke kwa mkono wangu!

Ndipo nikafungua kopo lako la maziwa, nikakuta ule ukanda wa karatasi, vyumba kumi vya kijivu toka nyeupe hadi nyeusi ti. Ulikuwaga unanichosha nao: "Picha haihukumiwi mbichi, wala chini ya taa. Kavu, mlangoni, kwenye mwanga wa mchana." Na mie nilikuwa naihukumu mbichi, chini ya taa! Mjinga mie. Nikachapa ukanda kama wako, nikauacha ukauke hadi kesho yake, nikaulinganisha na wako mlangoni. Kijani kikizidi napunguza kwenye kompyuta, nachapa, nasubiri tena. Siku tisa hivyo, karatasi ileile, wino uleule. Siku ya kumi vyumba vyote vikawa kijivu kitupu. Nilipiga vigelegele mpaka jirani muuza mihogo akadhani naolewa.

Ijumaa wakaja wote saba. Nikazipanga picha zao saba mpya mkekani, na ile yako nikaichanganya humohumo, maana imekaa sandukuni miaka yote haijapauka. Kaka mkubwa akazunguka, akainama, akaokota moja. "Hii ndiyo ya Mzee Kondo. Yule alikuwa fundi." Nikamwambia aigeuze atazame muhuri wako nyuma.

Haukuwepo. Ilikuwa yangu, Mzee. Yangu!

Kibao kipo juu, nimekipaka rangi upya. Pumzika sasa. Ukanda nimeurudisha koponi, na nakuahidi, hakuna picha itakayotoka humu kabla sijaisimamisha mlangoni.

Mwanafunzi wako mkaidi,
Mwajuma