Miiba Kwenye Njia ya Pamba

Samuye, Ijumaa, Machi 1996. Jioni.

Mvua ilikatika alasiri na jua likarudi kwa hasira, hata sasa ardhi inafuka. Mgongo unaniuma, vidole vinanata mlenda, na vyungu vinanisubiri hapo ukutani. Vitasubiri. Nimekaa kwenye kigoda nje ya mlango ili niandike kabla mwanga haujakwisha, maana nikilala bila kuandika nitaamka nikidhani niliota.

Tumepita.

Acha niliandike tena nilione vizuri. Tumepita. Cheti cha pamba isiyopigwa dawa kinabaki kwetu, na mgeni aliyetoka ng'ambo kutukagua ameondoka akiwa amekula ugali wa mtama mpaka akalegeza mkanda.

Mimi ndiye mkaguzi wa kikundi. Kazi yangu ni kuzunguka mashamba ya wenzangu na kusema kama yako safi, kabla wakubwa hawajaja kuhakikisha. Sijawahi kusikia mwanamke mwingine aliyepewa kazi hii huku kwetu. Walinichagua kwa sababu nina mdomo. Mume wangu, Baba Kabula, anasema walinichagua ili na wao wapate sehemu yao, asibaki kuumia peke yake.

Lakini wiki hii mdomo wenyewe ulikuwa mkavu.

Cheti ni kimoja kwa kikundi kizima. Mmoja akipiga dawa kwa kificho na mgeni akaja kuligundua mwenyewe, wote tunaanguka, na pamba yetu inarudi kuchanganywa na ya kila mtu. Na uvumi ulikuwepo. Uvumi ulikuwa unamtaja Shija.

Shija ni mdogo wake mume wangu. Alikwenda kuchimba dhahabu Bulyanhulu, akarudi na kikohozi na suruali moja ya maana, akapewa shamba la baba yao. Mwaka huu pamba yake imependeza kuliko yangu, na mimi sipendi kusema hivyo. Wakati sisi wengine tunahangaika na funza wa vitumba, yeye vitumba vyake vimenenepa vizuri. Halafu watu wakamwona magharibi akiwa katikati ya pamba na bomba mgongoni. Mchimbaji ana haraka, wakasema, hawezi kungoja. Na kwamba shemeji yake ndiye mkaguzi, kwa hiyo nani atamsema?

Nilimwendea. Nikamuuliza bomba lile lilikuwa na nini ndani. Naye akaniuliza:

"Shemeji, unaniuliza kama mkaguzi au kama shemeji?"

Nikasema kama wote wawili. Akageuka akaenda kufunga ng'ombe wake. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira nyuma ya jiko, kisha nikanawa uso nikapika. Kumfuta Shija kwenye kikundi ilikuwa ni kumvunja mume wangu na mama mkwe wangu kwa siku moja. Kumfunika ilikuwa ni kuwaibia wenzangu wote. Nililibeba hilo tumboni hadi leo asubuhi.

Na niseme ukweli, maana hapa hakuna mwenyekiti wa kunikata jicho. Hata cheti chenyewe nilikuwa nimekitilia shaka. Nyongeza ya bei ya msimu uliopita ilichelewa hadi tukaisahau, na ilipofika haikutosha kujisifia. Jana kwenye mkutano mgeni aliuliza, bwana shamba akitafsiri, tunajuaje kwamba cheti hiki kimetusaidia sisi na ardhi yetu. Mwenyekiti akasimama akasema bei, watu wakapiga makofi. Mgeni akauliza tena, kwa upole, kama bei isingeweza kupanda hata bila cheti, na kama mvua nzuri haingefanya ardhi ipendeze vilevile. Hapo makofi yaliisha. Tukabaki tunaangalia miguu yetu.

Swali lile lilinikera kwa sababu lilikuwa swali zuri.

Nikiwa narudi nyumbani nikapita kwenye njia inayotenganisha mashamba yetu na ya wasio wanakikundi, na nikajikwaa kwenye tawi la miiba. Nikasimama pale, kidole cha mguu kinatoka damu, nikaanza kucheka peke yangu.

Hapa kwetu, mlenda unajiotea wenyewe katikati ya pamba wakati wa mvua. Ndiyo mboga yetu. Lakini ukipiga dawa, mboga hiyo si chakula tena, na watoto wadogo hawajui tofauti. Kwa hiyo ukishapiga dawa unakata tawi la mgunga lenye miiba, unalilaza kwenye kijia cha kuingilia shambani. Hata mtoto anayetambaa analijua. Nilipoolewa hapa, msimu kama huu ungeweza kutembea Samuye nzima na kila kijia kina tawi lake. Tulikuwa tunakula nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha ya mwaka uliopita, huku mboga mbichi imejaa mlangoni na hatuwezi kuigusa.

Leo asubuhi nilimchukua mgeni kwenye njia ile ile. Upande wa kulia, mashamba ya wengine, kila kijia kina tawi. Upande wa kushoto, mashamba yetu, vijia viko wazi, na wanawake wako ndani wameinama wanachuma. Nikamwambia hiki ndicho kipimo changu, na kwamba mvua haiondoi miiba njiani, wala bei haiiondoi. Bwana shamba alitafsiri kwa furaha kubwa, nadhani aliongeza na ya kwake.

Mgeni alitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza vipi kuhusu mtu anayepiga dawa kwa siri. Huyo si hatalaza tawi?

Alikuwa amegusa palepale. Lakini hilo nililifikiria kabla yake, nikiwa kitandani naumwa kidole.

Nilikuwa nimewaambia wanawake alfajiri kwamba chakula cha mgeni leo ni mlenda, na kwamba hakuna anayechuma kwake. Kila mmoja achume shambani kwa mwenzake, katikati kabisa, siyo pembeni. Kila mboga ipikwe chungu chake, na mwenye shamba aonje chungu cha shamba lake mbele ya wote, kabla mtu mwingine hajagusa. Wengine walicheka. Wengine walichukua vikapu bila kucheka. Mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba nikimwona mtu anasita, chungu chake nakimwaga chini, awe nani awe nani.

Vyungu vikapangwa mbele ya ghala la kikundi. Nilichuma mwenyewe shambani kwa Shija, nikapika mwenyewe, macho yakimtafuta yeye hata chumvi nikamwaga nyingi. Nikamwita awe wa kwanza. Sikutaka kungoja.

Alikuja taratibu, akanawa. Akakata tonge, akalichovya, akala. Akakata jingine. La tatu alilikata kubwa kuliko adabu inavyoruhusu, akalichovya hadi vidole vikazama, akalimeza akinitazama. Kisha akasema imezidi chumvi.

Mama mkwe wangu, ambaye tangu nimeolewa hajawahi kunisifu mbele za watu, alipiga kigelegele cha kwanza.

Shija akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Leo umeniuliza kama mkaguzi. Mle bombani yalikuwa maji ya mwarobaini." Bwana shamba ndiye aliyemfundisha kutwanga majani na kuyaloweka, na kunyunyiza magharibi kwa sababu jua linaua nguvu yake. Inaruhusiwa. Angeweza kuniambia siku ile ile. Lakini tangu atoke machimboni watu wanamwita mwizi kwa macho, na nadhani alichoka kujieleza. Ningekuwa yeye ningechoka mapema zaidi.

Tukaendelea, chungu baada ya chungu, sasa kwa kelele na utani. Mwenyekiti alikula kama aliyefunga mwezi mzima. Tukafika kwa Baba Masele, jirani yangu, mtu mpole, mwanakikundi tangu mwanzo. Akanawa. Akakata tonge, akalishika. Mwanawe mdogo wa kike alikuwa amechoka kungoja, akajipenyeza akanyoosha mkono kwenye chungu kama watoto wanavyofanya.

Mama Masele, mkewe, akaukamata ule mkono hewani.

Hakupiga kelele. Alimvuta mtoto kwenye kanga yake, akasimama.

"Mwanangu hali hii mboga," alisema. "Wiki nne namfukuza shambani kwa fimbo kwa sababu siwezi kulaza tawi. Nimechoka."

Baba Masele akalirudisha tonge. Akasema ni kweli. Funza walikuwa wanammaliza, ana kijana anayetakiwa kuanza sekondari, akaogopa, akapiga dawa. Alisema yote hayo akiwa ameangalia chini, na sikuweza kumchukia ingawa nilijaribu.

Nilikwenda nikakishika chungu chao nikakimwaga kwenye shimo la taka, tukalifukia. Mwenyekiti alikuwa amenisogelea ananinong'oneza kwamba mgeni haelewi Kiswahili, tuseme mtoto anaumwa tumbo. Nikamwambia bwana shamba, kwa sauti, atafsiri kila neno.

Hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote. Nilijua naweza kuwa nimewaangusha wote kwa mdomo wangu, mdomo ule ule walionichagulia.

Mgeni alisikiliza hadi mwisho. Akaomba aonyeshwe shamba la Baba Masele, akalizunguka, akachukua majani na udongo kutoka kwake na kutoka kwetu vilevile, vikapimwe huko kwao. Aliporudi alisema shamba lile linatoka kwenye cheti na litaanza upya, pamoja na mistari ya majirani iliyo karibu, na humo mimi nimo. Mengine yanabaki, na akasema hana wasiwasi na majibu ya vipimo. Kisha akasema kitu ambacho bwana shamba alikitafsiri mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza tulikuwa tumeshaanza kupiga vigelegele. Alisema anakokwenda kwingi, kila kitu huwa safi kwenye makaratasi, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha kosa kabla hajalitafuta. Kikundi kinachoweza kujikagua hivi, alisema, ndicho anachotumwa kukitafuta.

Tulicheza. Mwenyekiti alicheza. Mimi na kidole changu kibovu tulicheza. Mama mkwe alinifuta jasho usoni kwa kanga yake mwenyewe na kunishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwanangu." Ameniita mwanangu. Hilo nalo naliandika, maana halina cheti.

Sijui kama cheti kitatutajirisha. Sidhani. Sijui hata kama ardhi imepona au inapumzika tu, hilo waje walipime wenye vyombo. Lakini ninajua kwamba leo, kwa kaya moja tu katika kikundi kizima, chakula cha mtoto kilikuwa sumu, na miaka michache nyuma ingekuwa kaya zote, yangu ikiwemo. Mgeni akiniuliza tena nitamjibu bila kutazama miguu.

Kabla ya kukaa hapa nilipita kwa Mama Masele na kikapu cha mlenda wa shambani kwangu, wa upande wa mbali. Wanawake wengine walikuwa wametangulia, jikoni kwake hapakuwa na pa kuweka. Shija alikuwa uani anamwonyesha Baba Masele jinsi ya kutwanga mwarobaini, wote wawili wananuka uchungu wake.

Mama Masele mwenyewe nilimkuta nje. Alikuwa anakokota tawi la mgunga, kubwa, jipya, akalilaza kwenye kijia cha shamba lake mchana kweupe, kila mtu akiona. Alikuwa analia na kutabasamu. Binti yake alikuwa anacheza pembeni bila kufukuzwa na mtu.

Nilimsaidia kuliweka sawa. Nikamwambia mvua za mwakani, tukipata uzima, tutakuja wote kulitoa tawi hili, na moto wa kwanza wa mlenda wa shambani kwake tutauwasha kwa miiba yake.

Sasa naosha vyungu.