Utando wa Mapafu, Utando wa Jicho

Mvumilivu hula mbovu, shoga yangu. Nimefika nyumbani, hata nguvu za kuvua viatu sina.

Unakikumbuka kile kitabu cha wauguzi nilichokitafsiri miezi saba? Mhariri mkuu kakipitia jana bila kuniambia. Kaona "haialini" na "haialoidi", yote yametoka Kigiriki, yote yanahusu kioo. Akaiamuru kompyuta iweke "kioo" badala ya yote mawili.

Kitabu kizima, mwenzangu! Kitabu kizima!

Utando wa haialini ndio unaotanda mapafuni mwa mtoto njiti ukambana pumzi. Wa haialoidi umezunguka ute ndani ya jicho, wala si ugonjwa, hata wewe unao. Sasa yote ni "utando wa kioo". Muuguzi akitafuta kwa nini kichanga hakipumui, faharasa inampeleka kwenye jicho.

Leo nikayasema hayo kikaoni, mbele ya daktari aliyekuja kukiidhinisha. Mhariri akacheka. "Binti, kioo ni kioo. Au stashahada yako inasemaje?"

Kioo ni kioo! Miezi saba!

Nikamjibu, "Basi mzee, miwani ikivunjika vaa chupa."

Daktari akafungua faharasa, akafuata ukurasa, akaifunika kalamu yake bila kutia sahihi. Kitabu hakichapwi mpaka kirekebishwe.

Mhariri kaniandikia sasa hivi: nimwombe radhi kesho asubuhi mbele ya wote, la sivyo nisirudi.

Kamusi zangu nilishazibeba. Radhi siombi.